Pale Ukuta Unapokutana na Dari: Kuziba Mianya na Kuweka Kornisi

Msingi wa nyumba hauonekani, na mwenye nyumba alalapo chali usiku hautazami msingi. Hutazama pale ukuta unapokutana na dari, na hapo ndipo macho yake hukuta ufa. Labda ni ufa mwembamba kama unywele. Labda ni mwanya wa kupitisha kidole, wenye utando wa buibui na alama ya maji ya mvua iliyopita. Nyumba ikiwa yake mwenyewe, ufa huo humwudhi. Ikiwa ni ya kupangisha, humfanya mpangaji aulize kama paa linavuja. Makala haya yaeleza sababu za mianya hiyo, ipi yafaa kuzibwa na ipi iachwe wazi, na jinsi ya kuweka ule ukanda wa urembo ambao mafundi huuita kornisi, ili kazi ikae miaka mingi bila kurudiwa.

Kornisi ni ukanda wenye umbo la mviringo, au la ngazi ndogo ndogo, unaokaa katika pembe ya ukuta na dari. Asili yake ni ya kale. Wajenzi wa Kiyunani na wa Kirumi walitokeza jiwe juu ya kuta za mahekalu yao ili maji ya mvua yadondoke mbali na ukuta. Baadaye umbo hilo liliingizwa ndani ya vyumba, ambako hakuna mvua, likapewa kazi nyingine, nayo ni kupamba na kuficha maungio. Wala watu wa Afrika ya Mashariki hawakungoja kufundishwa na wageni kwamba kichwa cha ukuta chastahili kumaliziwa vizuri. Katika nyumba za mawe za Lamu, zilizojengwa katika karne ya 18, mafundi walichonga plasta ya chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe, wakapamba kuta na zidaka chini ya dari zilizobebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti hizo ndio ulioamua upana wa chumba, na kwa hiyo vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba. Mji huo wa kale uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na plasta hiyo ni moja ya mambo ambayo wageni huja kuyatazama.

Sasa turudi kwenye ufa. Ukuta na dari ni vitu viwili vya tabia mbalimbali vilivyolazimishwa kukutana. Ukuta wa mawe au matofali ni mzito na hukaa juu ya msingi. Dari ni nyepesi, nayo imepigiliwa misumari kwenye mbao zinazoshikamana na paa. Mbao zikiwa mbichi, kama ilivyo kawaida kwa mbao za saiprasi zilizopasuliwa karibuni na kuuzwa kabla ya kukauka, hupungua unene na upana wake kadiri maji yanavyotoka. Urefu wa ubao haupungui sana, lakini ubao wenye upana wa sentimita 15 waweza kupoteza milimita kadhaa. Milimita hizo ndizo zinazoonekana baadaye kama mwanya.

Jambo la pili ni joto. Paa la mabati hupata moto sana mchana na kupoa upesi jioni. Kila aliyelala chini ya mabati anaijua ile sauti ya kutatarika baada ya jua kutua; hayo ni mabati yanayojikunja na kuvuta misumari. Mbao za paa nazo huvutwa kidogo, na dari iliyofungwa kwazo hufuata. Mwendo huo ni mdogo, lakini hurudiwa kila siku ya mwaka, na plasta ngumu haiwezi kuuvumilia.

Jambo la tatu ni ardhi, nalo ndilo la kuogopwa kuliko yote. Udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao huonekana katika nyanda za Athi na Embakasi, katika tambarare za Kano na huko Mwea, huvimba wakati wa masika na kusinyaa na kupasuka wakati wa kiangazi. Nyumba iliyojengwa juu yake bila kuuchimba na kuuondoa hupanda na kushuka pamoja nao. Ufa wa namna hii kwa kawaida hauendi sawasawa kando ya dari, bali hushuka mshazari kutoka pembe ya dirisha au ya mlango, tena ni mpana upande mmoja kuliko mwingine. Kuufunika kwa kornisi ni kumvisha mgonjwa kanzu nzuri. Mwenye nyumba ya namna hiyo asinunue kornisi kwanza. Na amwite mhandisi, au walau mjenzi mwenye ujuzi wa misingi.

Basi kabla ya kuziba chochote, hapana budi kujua kama ufa umetulia au bado unatembea. Njia iko, nayo ni rahisi. Fundi akoroge jasi kidogo, aipake kuvuka ufa katika mahali pawili au patatu, kipande kisichozidi upana wa vidole viwili, kisha aandike tarehe juu yake kwa kalamu. Jasi haina mnyumbuko; ikiwa ukuta utasogea hata kidogo, kibandiko kitakatika. Kikikaa kizima toka kiangazi hadi mwisho wa mvua, ufa umetulia na waweza kuzibwa kwa kitu kigumu. Kikikatika, lazima utumike mpango mwingine ambao utaelezwa hapa chini. Watu wengi huona uzito kungoja majira mazima kwa ajili ya ufa, lakini kungoja hakuna gharama, na kupaka rangi chumba mara mbili kuna gharama.

Yafaa pia kupanda darini na taa, au kumtuma mtu mwepesi, kuangalia kama kuna maji yanayoingia. Doa la rangi ya chai kando ya dari ni dalili ya bati lililotoboka, msumari uliolegea, au mfereji wa paa uliojaa majani. Jasi haipatani na maji. Kornisi ya jasi iliyowekwa chini ya paa linalovuja hulainika na kufanya ukungu, na mwishowe yaweza kuanguka juu ya kitanda. Paa litengenezwe kwanza.

Hapa pana jambo ambalo mafundi wengi hulipita haraka: si kila mwanya ni adui. Chumba ambamo watu hupika kwa kuni au makaa, au ambamo jiko la makaa huingizwa usiku wakati wa baridi, hutegemea mianya ya juu ili hewa mbaya itoke. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya kaboni monoksidi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Familia zimekufa hivyo katika vyumba vilivyofungwa vizuri mno. Mwenye nyumba akitaka kupamba chumba cha namna hiyo, sharti aache matundu ya hewa yaliyo wazi daima karibu na dari, na hata hivyo jiko la makaa lisilazwe ndani pamoja na watu. Matundu huzuia unyevu na ukungu na kupunguza hatari, lakini hayaiondoi.

Kwa upande mwingine, mwanya wa upenu, yaani ule ulio kati ya kichwa cha ukuta na paa, ndio mlango mkuu wa mbu waenezao malaria. Mbu hao huifuata harufu ya watu wanaolala, na wakifika kwenye ukuta hupanda juu mpaka wapate mwanya. Utafiti uliofanywa nchini Gambia na kutangazwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba nyumba zilizowekewa dari ya wavu peke yake ziliingiwa na mbu wachache zaidi, karibu nusu ya wale walioingia katika nyumba zisizo na dari, na watoto wa humo walipungukiwa na damu kwa uchache zaidi. Katika eneo la mpunga la Ahero, karibu na Kisumu, dari za mikeka ya mafunjo zilijaribiwa, na matokeo yake, yaliyotangazwa mwaka huohuo, yalikuwa mazuri vilevile. Kwa hiyo jawabu ni kutenganisha kazi mbili: ndani ya chumba, mianya ya dari izibwe kabisa; juu ya ukuta, mahali pa kupitisha hewa pafunikwe kwa wavu wa waya wenye matundu madogo usiopitisha mbu. Hewa ipite, mbu abaki nje. Wavu nao upigwe brashi mara kwa mara, kwa maana ukijaa vumbi na masizi, hewa haipiti tena.

Popo nao watajwe. Wakiwa wamefanya maskani darini, mwanya usizibwe mchana wakiwa ndani, wala wakati wana makinda yasiyoweza kuruka, kwa kuwa watafia humo na uvundo utadumu kwa majuma. Huzibwa usiku wakiwa wametoka.

Onyo lililo kubwa kuliko yote ni la asbesto. Nyumba nyingi za zamani, hasa za wafanyakazi wa serikali, za shule na za mashamba, zilijengwa kwa mabamba ya asbesto na saruji, juu ya paa na wakati mwingine kwenye dari pia. Mabamba hayo ni ya kijivu, magumu, nayo hulia kama kigae yakigongwa. Yakiwa mazima na yakiachwa yatulie, madhara ni machache. Yakikatwa kwa msumeno, kutobolewa au kupigwa msasa, hutoa vumbi la nyuzi ndogo mno zisizoonekana kwa macho, ambazo huingia mapafuni na kukaa humo. Saratani inayotokana nazo yaweza kutokea baada ya miaka 20 au 40, wakati ambapo fundi amekwisha kusahau kazi ile. Katika Kenya, Kanuni za Usimamizi wa Taka za mwaka 2006 ziliihesabu asbesto kuwa taka ya hatari, nayo haitolewi wala kutupwa ovyo. Fundi akishuku kwamba dari ni ya asbesto, asipige msumari wala msasa. Na aiache, amwambie mwenye nyumba, naye mwenye nyumba aulize maafisa wa mazingira wa serikali. Fundi wa namna hiyo atapoteza kibarua cha siku moja, na hakuna mtu mwenye akili atakayemlaumu.

Mambo hayo yakiwa yamekwisha kutazamwa, kazi ya kuziba yaweza kuanza. Umeme uzimwe kwanza mahali pale ambapo nyaya hupita juu ya ukuta. Fundi asimame juu ya jukwaa la mbao lililokaa sawa, si juu ya kiti kilichowekwa juu ya meza. Ufa ufunguliwe kwa ncha ya kisu mpaka plasta iliyolegea yote ianguke, kisha vumbi litolewe kwa brashi. Ufa mwembamba huonekana mpana zaidi baada ya kufunguliwa, na mwenye nyumba huweza kushtuka na kusema, "Bwana fundi, mbona unaniharibia ukuta?" Na ajibiwe kwa upole kwamba dawa haiingii kwenye kidonda kisichooshwa.

Mwanya usiozidi milimita tano huzibwa kwa jasi laini ya kujazia. Ulio mpana zaidi ujazwe kwa awamu, kila awamu ikikauka kabla ya kuwekwa nyingine, maana jasi nyingi iliyowekwa mara moja hulegea na kuning'inia kabla ya kushika. Mwanya wa sentimita moja au mbili juu ya ukuta wa mawe ujazwe kwanza kwa vipande vya mawe na mchanganyiko wa saruji sehemu 1, chokaa sehemu 1 na mchanga sehemu 6, halafu jasi ifuate juu. Chokaa huifanya saruji isiwe ngumu kupita kiasi, nao ukuta hushukuru. Magazeti yasishindiliwe humo, ingawa desturi hiyo imeenea sana. Karatasi hunywa unyevu, na mchwa huipenda. Wakimaliza karatasi watauliza habari za mbao.

Kama ufa umeonekana kuwa unatembea, jasi haitafaa hata ikirudiwa mara kumi. Hapo hutumika gundi laini ya akriliki, inayotoka katika mrija kwa bunduki ya kusukumia, ambayo hubaki na mnyumbuko baada ya kukauka na hukubali rangi. Silikoni ya kawaida isitumiwe mahali patakapopakwa rangi, kwa kuwa rangi haishiki juu yake. Yafaa bafuni kando ya vigae. Akriliki nayo haijazi shimo kubwa. Hupendelea mwanya mwembamba uliosafishwa, na kidole kilicholowa maji cha kuulainisha.

Njia iliyo bora kwa dari inayotembea chini ya mabati, tena iliyo rahisi kwa bei, ni ukanda wa mbao wenye umbo la robo ya duara. Siri yake imo katika misumari. Ukanda upigiliwe upande mmoja tu, kwenye mbao za dari, wala usipigiliwe ukutani. Dari ikipanda, ukanda hupanda pamoja nayo ukiteleza juu ya ukuta, na mwanya haufunuliwi. Ukipigiliwa pande zote mbili, ama utapasuka, ama utang'oa msumari mmoja. Ukipigiliwa ukutani peke yake, mwanya utafunguka juu yake, na mwenye nyumba atarudi kulekule alikoanza. Wengi wa wale wanaolalamika kwamba mbao za urembo hazifai walipigiliwa vibaya.

Nyumba yenye dari imara, iwe ya bodi za jasi zilizofungwa kwa fremu ya chuma au ni zege la ghorofa ya juu, hustahili kornisi ya jasi. Jasi ni jiwe laini linalochimbwa ardhini, na katika Kenya hupatikana Kajiado na kwingineko. Likisagwa na kupashwa moto wa kadiri ya digrii 150, hupoteza robo tatu za maji yaliyofungwa ndani yake na kuwa unga. Unga ukikutanishwa tena na maji, huyarudisha na kuwa jiwe upya katika muda wa dakika chache. Tena, tofauti na saruji ambayo husinyaa ikikauka, jasi hutanuka kidogo sana inaposhika, na ndiyo sababu hujaza umbo la kalibu mpaka kwenye mistari iliyo midogo kabisa. Wazungu waliiita plasta ya Paris kwa kuwa machimbo mashuhuri yalikuwa katika kilima cha Montmartre, mjini humo. Mafundi wanaomimina kornisi huweka ndani yake nyuzi za katani au za kioo ili isivunjike inapobebwa. Mnunuzi na aigeuze na kutazama mgongo wake. Asipoona nyuzi, na aibebe kwa hadhari, au asiinunue.

Iko pia kornisi ya povu la plastiki, nyepesi kama pamba na rahisi kukata kwa kisu. Yafaa mahali pasipo na joto. Jikoni isiwekwe, kwa sababu huyeyuka na kudondosha matone ya moto. Tena hubandikwa kwa gundi ya maji tu. Gundi yenye mafuta makali huila ikabaki mashimo.

Hesabu ya kununua ifanywe kwa kalamu, si kwa macho. Chumba chenye urefu wa meta 3.6 na upana wa meta 3 kina mzunguko wa meta 13.2. Kornisi nyingi huuzwa kwa urefu wa meta 2. Kila ukuta mrefu utakula vipande viwili, kimoja kizima na kingine cha meta 1.6, kila ukuta mfupi utakula kimoja na nusu, na nusu mbili zatoka katika kipande kimoja. Jumla ni vipande 7. Lakini msumeno nao hula, na pembe huvunjika, kwa hiyo vinunuliwe 8. Vipande vikihifadhiwa, vilazwe juu ya sakafu sawa, visiegemezwe ukutani, maana hupinda.

Sasa yaja sehemu inayowashinda wanaojifunza, nayo ni kukata pembe. Mtu hudhani kwamba, kwa kuwa pembe ya chumba ni digrii 90, atakata kila kipande kwa digrii 45 na kazi imekwisha. Lakini vyumba vilivyo mraba kweli ni vichache. Fundi na achukue kipande kifupi cha kornisi, akishike pembeni kama kitakavyokaa, achore mstari juu ya dari kwenye ukingo wa juu na mstari ukutani kwenye ukingo wa chini. Afanye hivyo pande zote mbili za pembe. Mistari miwili ya dari itakatana mahali fulani. Kutoka hapo mpaka kwenye pembe yenyewe ya chumba ndipo panapopita mkato, iwe digrii 45 au 47 au nyingine yoyote. Ukuta wenyewe umemwambia pembe yake, na hakuna haja ya kubahatisha.

Katika pembe ya ndani, ukingo wa chini unaogusa ukuta hubaki na urefu wote, na ukingo wa juu unaogusa dari huwa mfupi. Katika pembe ya nje, kama vile kwenye nguzo inayotokeza chumbani, mambo hugeuka: ukingo wa dari ndio mrefu, na kipande hapana budi kiwe kirefu kuliko ukuta wake. Asiyelishika jambo hilo huharibu vipande viwili vya kwanza kila mara. Katika kisanduku cha kukatia pembe, kornisi huwekwa kichwa chini: ukingo wa dari hukaa juu ya sakafu ya kisanduku, na ukingo wa ukuta huegemea ubavu wake. Msumeno uwe wa meno madogo, usukumwe bila kukandamizwa. Kwa mwanafunzi, yafaa kukata kwanza vipande vifupi vinne, viwili vya pembe ya ndani na viwili vya pembe ya nje, kimoja cha kushoto na kimoja cha kulia kwa kila namna, na kuandika juu ya kila kimoja jina lake. Hivyo huwa vielelezo vyake, naye huvilinganisha kabla ya kila mkato. Atakayewaona mafundi wazee wakicheka vielelezo hivyo, na ahesabu vipande vilivyovunjika chini ya miguu yao.

Kabla ya kubandika, ukuta na dari ndani ya mistari ikwanguliwe mpaka rangi ya chokaa iondoke yote. Gundi hushika kile inachokigusa. Ikigusa rangi ya chokaa, kornisi nzima itaning'inia juu ya unga mwembamba, na siku moja itateremka pamoja nao. Plasta ikiwa laini, ichanwe kwa ncha ya kisu. Ikiwa kavu sana, inyunyiziwe maji ili isinyonye maji ya gundi. Kisha misumari midogo ipigwe nusu ukutani, juu ya mstari wa chini, mmoja karibu na kila mwisho wa kipande, kazi yake ikiwa kubeba uzito mpaka gundi ishike.

Gundi ya jasi hukorogwa kwa kutia unga ndani ya maji, wala si maji ndani ya unga. Ndoo iwe safi kabisa. Mabaki ya jana yaliyogandamana ndani yake huharakisha jasi mpya kuganda, na fundi hujikuta na jiwe mikononi kabla hajapanda ngazi. Ikorogwe kiasi cha vipande viwili au vitatu tu. Ikianza kuganda isiongezwe maji tena, kwa maana haitapata nguvu, itupwe.

Gundi ipakwe kwenye kingo zote mbili za mgongo, kipande kiinuliwe na watu wawili, mmoja kila mwisho, kisukumwe taratibu mpaka gundi itokeze kando. Kinachotokeza kikwanguliwe mara moja, kitumiwe kujaza maungio, halafu kingo zisuguliwe kwa brashi iliyolowa maji. Kati ya kipande na kipande uachwe mwanya wa milimita 3 ujazwe kwa gundi. Vipande vilivyobanwa sana huacha mstari ambao hautajazika. Pembe zijazwe kwa kidole na kumaliziwa kwa kisu, na muda utumike hapo bila choyo, kwa sababu macho ya mgeni yatakwenda pembeni kwanza. Kama kornisi ni nzito, gundi peke yake haitoshi, sharti ifungwe pia kwa skrubu zisizoshika kutu zikifika kwenye mbao za dari. Dari ya zege hutobolewa na kutiwa plagi. Vichwa vya skrubu vizamishwe kidogo na kufunikwa kwa jasi.

Misumari ya chini ing'olewe jasi ikiwa imeshika, na matundu yake yazibwe. Kupiga msasa kufanywe kwa karatasi laini, na pua zifungwe kwa kitambaa au barakoa, kwa kuwa vumbi la jasi, ingawa si sumu, hukausha koo na kuchoma macho. Rangi isiharakishwe. Jasi iliyoshika katika dakika 30 bado ina maji mengi ndani yake, na katika majira ya mvua huhitaji siku kadhaa kukauka. Ikiwa rangi ya mafuta itapakwa mapema, maji hayo yatatafuta njia na kuinua malengelenge. Koti la kwanza liwe la rangi ya maji iliyopunguzwa makali, linywewe na jasi, ndipo makoti mawili yafuate.

Baada ya mvua za kwanza, mwenye nyumba na achukue taa yenye mwanga mkali, aiweke karibu na ukuta ili mwanga uende sambamba nao, atazame kando zote nne. Ufa mwembamba ukitokea kati ya kornisi na dari, ni kazi ya robo saa na mrija mmoja wa akriliki. Ukitokea katikati ya kipande chenyewe, ukikikata kutoka juu hadi chini, basi ni mbao za dari zilizosogea, na hapo na apande darini kutazama kabla ya kumwita mpaka rangi.